Mardhiya Alipopiga Chafya, Flashi Ikaendelea Kuimba

Chafya ya kwanza ilimtoka Mardhiya katikati ya neno "subira". Ya pili ikafuata. Ya tatu ilimkunja kiuno, akashika kilemba kisidondoke.

Sauti yake haikupiga chafya hata moja.

Hapo ndipo alipobaki Jumapili iliyopita, mwimbaji mkuu wa Marashi Taarab, jukwaani katika ukumbi wa Magomeni, Bagamoyo, mbele ya wanawake zaidi ya mia mbili waliovaa sare. Leso puani, mdomo umefumbwa. Na kwenye spika nne sauti yake mwenyewe inavuta "subiraaa" kwa utulivu, kama mtu aliyelala chini ya feni.

Aliyemponza ni mama wa chetezo. Shughuli ya waungwana haiendi bila mwimbaji kufukizwa, na mama yule alikuwa na mkono mzito wa udi.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya Adila, binti pekee wa Bi Zuwena. Bwana harusi, Farhan, mwenye duka la vipuri vya malori Chalinze, alitarajiwa kuingia na begi la bibi harusi kabla ya Magharibi, na shehe angefungisha ndoa hapo hapo ukumbini baada ya sala. Mapambo yalikuwa ya zambarau. Mengine juu ya mapambo hayatusaidii.

Wanawake waliutazama mdomo wa Mardhiya. Wakazitazama spika. Wakarudi kwenye mdomo.

"Jamani, huyu anaimbia wapi?" akauliza mmoja wa viti vya mbele.

"Labda tumboni," akasema mwenzake.

Mardhiya akakurupuka, akaweka kipaza sauti mdomoni, akaanza kufungua na kufumba midomo. Lakini alikuwa amechelewa mstari mzima. Spika zikisema "mpenzi", midomo yake inasema "jirani".

Bi Zuwena akainuka kitini.

Huyu ni mwenyekiti wa umoja wa kina mama wanaopanga shughuli kuanzia Mlingotini hadi Kaole. Haandiki barua wala hatoi onyo. Akikunja uso tu, msimu mzima hupati harusi. Na Marashi aliwachukua kwa sababu moja: bango lao limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba wao ni laivu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mardhiya, mwanangu."

"Abee, Bi Zuwena."

Spika zikaendelea kuimba juu ya "abee" yake.

"Wewe ni yupi kati yenu wawili?"

Kabla Mardhiya hajajibu, Bwanausi akaruka kutoka nyuma ya kinanda. Bwanausi ndiye kiongozi wa Marashi, ndiye mwenye vyombo, ndiye mpiga kinanda, na ndiye aliyetunga maneno ya lile bango.

"Shikamoo mama. Huo ni mwangwi tu. Mitambo ya kisasa ndivyo ilivyo. Mtu akiimba, sauti inabaki hewani kidogo."

"Marahaba. Inabaki ubeti mzima?"

"Inategemea na ukumbi."

"Basi nyamazeni wote, tuone huo mwangwi unaishia wapi."

Wakanyamaza. Mwangwi ukaimba ubeti wa tatu, ukapigiwa fidla, ukaitikiwa na wanawake sita ambao jukwaani hawakuwapo.

Bi Zuwena akapanda jukwaani, akaenda moja kwa moja kwenye kinanda. Akainama, akaibuka na ncha ya waya.

"Bwanausi, huu waya unaingia wapi?"

"Hapo nyuma, mama."

"Mbona ninao mkononi?"

Muziki unaendelea. Bi Zuwena akabonyeza kinanda kwa kidole chenye hina. Kimya. Akabonyeza kwa kiganja. Kimya. Akakilalia kwa kiwiko, na bado kilikuwa kimya kama meza.

"Kinanda kimelala, na wewe jasho linakutiririka tangu saa tisa. Unaota?"

Ukumbi ukacheka. Kwenye kona, nyuma ya kompyuta yenye flashi nyekundu ubavuni, alikaa Mtoro, fundi mitambo. Mtoro ni mkweli, si kwa uchaji, ila kwa sababu uongo una kazi nyingi. Aliona mambo yameharibika, akabonyeza kitufe kimoja.

Kila kitu kikakatika. Kinanda, besi, fidla, waitikiaji, Mardhiya.

Ikabaki dumbaki peke yake. Mpiga dumbaki aliendelea, ti-ka, ti-ka, macho kayafumba, kwa sababu yeye alikuwa akipiga kweli kweli, miaka yote miwili, na hakuna aliyewahi kumsikia.

"Na wewe, baba, hiyo fidla?" Bi Zuwena akamgeukia jamaa mrefu wa suti.

"Mimi ni mlinzi, mama. Zamani nilikuwa hotelini. Waliniambia nina mabega mazuri."

Sasa hapa msicheke na kumsahau Mardhiya, maana yeye hakuwa anacheka.

Miaka miwili nyuma Marashi ilikuwa na wapigaji tisa. Siku moja Bwanausi aliwaita chumbani kwa Mtoro, akasema ni majaribio ya mitambo, wakapiga nyimbo zote kutwa nzima bila hata chai. Wiki iliyofuata akawaambia wasisumbuke kuja, isipokuwa wa dumbaki. Wa kwanza kurudishwa nyumbani alikuwa Mzee Kombo wa fidla, mtu aliyemfundisha Mardhiya kuimba tangu hajui kushika pumzi.

Mardhiya alijua. Alinyamaza, kwa sababu aliahidiwa kwamba hatachoka tena. Na kweli hakuchoka. Tangu siku ile hakuimba wimbo mzima kwa kifua chake, hata jikoni.

"Sikiliza, Mardhiya," Bi Zuwena akasema. "Wenzangu hawakushona sare kuja kutazama midomo. Utaimba wimbo mmoja, wewe mwenyewe. Ukiimba ukaimbika, shughuli inaendelea, na mimi sijaona kitu. Ukishindwa, shuka hapo na kilemba chako. Kuanzia Mlingotini hadi Kaole hutaimba harusi, hutaimba singo ya bibi harusi, hutambembelezea mtu hata mtoto."

Mardhiya ana watoto wawili na hana kazi nyingine.

Bwanausi akamsogelea sikioni. "Zirai."

"Nini?"

"Anguka tu. Nitasema sukari."

"Sina sukari, Bwanausi."

"Ndiyo maana nakwambia uzirai. Ungekuwa nayo ungeanguka mwenyewe."

Wasomaji wangu, alitaka kuanguka. Goti la kulia lilishaanza kukunjika. Lililomsimamisha ni kicheko kilichotoka mlango wa uani, kule wanaume walikokuwa wakilinda masufuria.

Mzee Kombo alikuwa amesimama pale na sahani ya biriani. Ni mjomba wake Bi Zuwena, na tangu saa tisa alasiri alikuwa uani akijisikiliza akipiga fidla ndani ya ukumbi ambao hakuingia.

"Ule wimbo," akasema, "pale katikati nilikosea. Kila harusi ninayokwenda namsikia Kombo anakosea pale pale. Miaka miwili. Mtu mwenye masikio angekuwa ameshajirekebisha."

Mardhiya akashuka jukwaani. Akapita katikati ya viti na gauni lake la shanga hadi mlango wa uani.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba. Nani anayeniamkia, wewe au flashi?"

"Mimi."

"Hebu piga chafya nihakikishe."

Wanawake wakacheka hadi wengine wakashika ushungi. Mardhiya hakukasirika. Hakuwa na haki hiyo.

"Nilijua siku ile," akasema. "Nilijua hamtaitwa tena. Nikanyamaza."

"Najua kwamba ulijua. Ulipokuwa unaimba chumbani kwa Mtoro hukunitazama hata mara moja."

"Nipigie wimbo mmoja, mzee."

"Nina mikono ya biriani."

"Nitakunawisha."

Mzee Kombo alidhani ni maneno tu. Mardhiya akachukua birika na beseni pale mlangoni, akapiga magoti na shanga zake zote kwenye sakafu yenye punje za wali, akamnawisha. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na katikati ya vidole. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee akapanda jukwaani, akaichukua fidla kwa mlinzi, akauleta upinde puani.

"Sabuni."

"Ndiyo, mzee," akasema mlinzi. "Waliniambia niupake usitoe sauti."

"Ya unga?"

"Ya mche."

"Angalau hukubahatisha."

Akaufuta upinde kwa pembe ya kanga iliyoloweshwa, akaukausha kwa pembe nyingine, akamwita mama wa chetezo. "Nipe chembe ya ubani ambayo haijaguswa na moto. Kubwa." Akausugua upinde kwa ubani ili ushike nyuzi tena, juu na chini, mpaka vumbi jeupe likaanguka kwenye viatu vyake. Mama wa chetezo akavimba kichwa. Nusu saa nzima watu walikuwa wakimtazama kama mhalifu.

Mtoro akawasha kipaza sauti. Ndiyo, kilikuwa kimezimwa. Tangu lini, msiniulize.

Mardhiya akaanza. Mstari wa kwanza ukatoka kama mlango wa banda la kuku.

"Heri ya flashi," sauti moja ikasema nyuma, na wengine wakaguna kukubali.

Mardhiya akakwama. Bi Zuwena alikuwa ameketi na mikono kifuani, uso wake haujakunjika lakini haujakunjuka.

"Unakimbilia wapi huko juu?" Mzee Kombo akamnong'oneza. "Mtoro alikuwa anakuvuta kwa kompyuta. Sauti ile ni ya msichana wa miaka ishirini, na wewe una mtoto wa kidato cha pili. Shuka."

Akapiga chini zaidi. Mardhiya akashuka naye, ngazi moja, ngazi mbili, akaikuta sauti yake imekaa huko chini inamsubiri. Ilikuwa nzito kidogo na yenye mikwaruzo. Haikuwa ile ya kwenye spika. Mwanamke wa viti vya mbele, yule aliyeuliza anaimbia wapi, akaacha kutafuna sambusa.

Bi Zuwena hakuridhika. Akainuka, akaenda hadi mlango mkubwa wa ukumbi, mbali kabisa na jukwaa. Akatoa noti, akainyanyua juu.

Waliozaliwa na taarab wameshaelewa. Mtu akiguswa na mstari huinuka kwenda kumtuza mwimbaji, na haendi mbio, anakwenda kwa madaha. Mwimbaji humshikia mstari ule ule, anaurudia na kuugeuza, mpaka mwenye kutuza afike. Flashi haimshikii mtu. Kwa miaka miwili kina mama wa Bagamoyo walikuwa wakituza kwa kukimbia. Kuna mama wa Kaole aliyeinuka kwenye ubeti wa mapenzi, goti likamsumbua, akafika jukwaani kwenye ubeti wa mahasidi. Watu wakadhani ana ugomvi, na hadi leo kuna jirani hamsalimii.

Bi Zuwena alianza kutembea.

Alitembea kama mtu asiye na pa kwenda. Hatua mbili, akasimama kurekebisha kanga ya mtu. Hatua moja, akasimama kumsalimia jirani.

"Mguu unaendeleaje, shoga?"

"Unauma bado."

"Unachua?"

"Nachua kwa mafuta ya nazi."

"Ongeza na karafuu."

Mstari ulimsubiri. Mardhiya aliurudia mara ya tano, ya sita, ya tisa, na kila mara haukuwa ule wa kwanza. Mara anaupeleka kwa kuuliza, mara kwa kulalamika, mara anaunong'ona tu, na Mzee Kombo anamzungukia na fidla kama mwenye nyumba anayemsindikiza mgeni. Na mzee alipofika pale katikati, pale alipokosea miaka miwili, akapiga sawasawa, kisha akamtazama Mtoro.

Bi Zuwena akafika. Akaichomeka noti kwenye kilemba.

"Kumbe upo," akasema.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Mpiga dumbaki akafumbua macho kwa mara ya kwanza, akashangaa kuona watu wanamtazama yeye pia.

Ingeishia hapo, Mardhiya angerudi nyumbani na jina lake. Lakini Bwanausi alikuwa bado jukwaani nyuma ya kinanda kisicho na waya, na hakuna kinachomuuma mtu wa aina ile kama kushangiliwa kwa wengine.

Mardhiya alipoingia wimbo uliofuata, ule wa kuwasifu maharusi, Bwanausi akaona nafasi yake. Wimbo huu ni wa kuuliza na kuitikia, na jukwaani waitikiaji hawakuwapo. Akamkonyeza Mtoro. *Tia waitikiaji.* Mtoro akatikisa kichwa. Bwanausi akakonyeza tena, kwa ukali. Mtoro, kama kawaida yake, akachagua lenye kazi ndogo, akabonyeza.

Mardhiya akauliza, mkono ukielekea kiti cha bibi harusi:

"Farhan kapata tuzo, tuzo yake nani?"

Spika nne zikajibu kwa sauti tamu ya wanawake sita:

"Hafidha, Hafidha, waridi la nyumbani."

Sasa hiyo si chafya.

Adila alikuwa ameketi chini ya shela, mikono yenye hina juu ya magoti. Mikono ile ikakunjika ngumi, taratibu. Mzee Kombo akanyanyua upinde. Bi Zuwena hakupandisha sauti.

"Mtoro."

"Naam, mama."

"Hafidha ni nani?"

"Ni jina la mfano," Bwanausi akadakia. "Sisi wasanii, mama, huwa tunaweka jina la..."

"Sijakuuliza wewe. Wewe huna waya."

Mtoro akajikuna shingo. "Huu tuliutengeneza kwa ajili ya shughuli moja ya Mlingotini. Mwezi wa Rajabu, mwaka huu huu. Huwa nakata jina la bibi harusi wa zamani nabandika la mpya. Nyimbo tatu nimebandika Adila vizuri tu, hata hamkujua. Huu ulinipita."

"Na la bwana harusi?"

"La bwana harusi sikuligusa. Lilikuwa Farhan tayari. Nikamshukuru Mungu kwa kunipunguzia kazi."

Viti vikalia. Wanawake mia mbili wakageukiana kwa pamoja.

"Kina Farhan ni wengi," akasema shangazi mmoja, mwenye huruma.

"Ni wengi," akakubali Bi Zuwena. "Wangu mimi aliketi kwenye mkeka wangu, nikamuuliza kama ana mke. Akasema hana. Nikamuuliza kama aliwahi kuoa. Akasema hajawahi. Nikamuuliza mara ya tatu, akacheka, akasema mama unanionea. Angesema anaye, tungekaa tukazungumza, dini haikumfungia mlango. Lakini alisema hana." Akamgeukia Mardhiya. "Wewe ndiye uliyeimba Mlingotini. Bwana harusi wa siku ile ulimwona. Ndiye huyu wa kwenye kadi ya mwaliko?"

Akamwonyesha kadi yenye picha.

Mardhiya aliitazama picha. Angeweza kusema ndiye, akavunja ndoa kwa kubahatisha. Angeweza kusema siye, akamuuza mtoto wa watu. Na lililobaki, lililo kweli, lilikuwa la aibu kuliko yote mawili, na noti ya Bi Zuwena bado ilikuwa kwenye kilemba.

"Sijui, Bi Zuwena. Sikumtazama."

"Uliimba harusi yake hukumtazama?"

"Flashi ndiyo iliyoimba. Mimi nilikuwa nimeegesha simu kwenye kile kistendi cha maneno ya nyimbo. Nilikuwa nachagua vitambaa vya sofa."

"Shughuli nzima?"

"Na wakati wa chakula pia."

Kuna waliocheka, lakini kwa uchungu. Mardhiya akachomoa ile noti kichwani, akamnyooshea mwenyewe. Bi Zuwena hakuipokea.

"Rudisha kilembani," akasema. "Hilo nalo umelisema kwa mdomo wako."

Hapo zikasikika ngoma na honi barabarani. Msafara wa bwana harusi umefika na begi.

"Wanaume wanaingia, jistirini," akapiga kelele mtu wa mlangoni.

Ushungi ukapanda, vioo vya poda vikafungwa. Katika vurugu ile Bi Zuwena alifanya mambo matatu. Alichomoa flashi nyekundu kwenye kompyuta ya Mtoro akaitia kifuani. Alipita safu kwa safu na kidole midomoni, kuwaambia wageni wake kwamba yeyote atakayeitikia asimjue tena. Kisha akamwinamia Mardhiya sikioni, maneno machache, na Mardhiya akamgeukia Mzee Kombo akamwambia maneno hayo hayo.

"Mimi nifanye nini?" Bwanausi akauliza.

"Wewe endelea kutoka jasho."

Farhan akaingia. Kanzu nyeupe, joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, manukato yakimtangulia hatua tano. Nyuma yake akaja rafiki yake aliyebeba begi jipya kichwani, mtu mnene, mchangamfu, leso mkononi, mtu wa kufurahia harusi za wenzake. Nyuma yao wengine saba.

Mardhiya akatabasamu, akanyanyua kipaza sauti.

"Farhan kapata tuzo, tuzo yake nani?"

Akanyamaza.

Ukumbi ukanyamaza. Fidla ikashika sauti moja, nyembamba, ikabaki nayo pale pale. Farhan akatabasamu kushoto na kulia, akisubiri wanawake waitikie. Hakuna aliyeitikia.

Flashi ingekuwa imeshapita. Ingekuwa ubeti wa pili sasa hivi, na Farhan angefika kiti cha bibi harusi akiwa salama salimini. Lakini Mardhiya alikuwa na pumzi, na hakuwa na haraka.

"Farhan kapata tuzo, tuzo yake nani?"

Kimya. Hatua ya Farhan ikapungua. Alimtazama mwimbaji vizuri kwa mara ya kwanza, na lile tabasamu likabaki mdomoni bila kazi.

Mara ya tatu Mardhiya hakumwimbia Farhan. Alimwimbia yule mnene wa begi. Alimwimbia kwa mkono, kwa nyusi, kwa bega, akalivuta "naniii" likaenda likarudi, na Mzee Kombo akalivuta pamoja naye, mpaka shingo ya mtu yule ikaanza kuyumba na mguu ukaanza kuitafuta dumbaki.

Masikini, hakuwa na kosa. Wimbo anaujua. Aliucheza hadi viatu vikamchubua, mwezi wa Rajabu. Akarusha leso juu, akajibu kwa sauti nene, bila kukosea hata nukta:

"Hafidha, Hafidha, waridi la nyumbani."

Akacheza hatua mbili zaidi kabla hajatambua kwamba anacheza peke yake.

Farhan akafumba macho. Begi likateleza kichwani mwa rafiki yake, likaanguka, likafunguka. Vitenge na viatu vya bibi harusi vikatawanyika hadi miguuni mwa Bwanausi.

"Mama, nisikilize," Farhan akaanza. "Hilo jambo lina maelezo."

Bi Zuwena hakuwa mbele yake tena. Alikuwa nyuma ya wale wanaume tisa. Aliufunga mlango mkubwa wa ukumbi, akazungusha ufunguo, akautia kifuani pamoja na flashi.

Wote walimtazama yeye, ndiyo maana hawakuona kiti cha bibi harusi kimebaki kitupu.

Adila alikuwa amesimama. Shela amelifunua mwenyewe, kabla ya mtu yeyote wa kulifunua. Alikwenda jukwaani taratibu, kama mamake alivyokwenda na noti, na Mzee Kombo akamshikia sauti ile ile nyembamba njia nzima mpaka akafika.

Akanyoosha mkono.

"Dada Mardhiya, naomba hicho kipaza sauti." Akageuka kwenye kona. "Kaka Mtoro, kinawaka kweli?"

"Hicho kinawaka, dada. Naapa."

Adila akakigonga kwa ukucha wenye hina, mara mbili. Spika nne zikaitika. Kisha akamtazama Farhan.

"Nami ninao wimbo wangu wa kuuliza," akasema. "Nitaimba mimi, na wewe utaitikia."